Uzi Mwekundu wa Begi la Kamera

Kabla sijapanda Costa ya kwaya pale Makutano, nilipapasa tena mdomo wa begi. Uzi ulikuwepo, mwekundu, mishono imebanana. Niliushona mwenyewe jana yake jioni, kwenye studio ya Mzee Khalidi, mtaa wa Mukendo, Musoma.

Mzee Khalidi alikuwaga fundi cherehani kabla hajanunua kamera. Ndiyo maana mambo yake mengi anayamalizaga kwa sindano. Zamani kamera yake ilikwenda harusini Suguti ikarudi na mchanga wa ziwani kwenye lenzi, kumbe vijana aliowatuma walipita njiani wakafanya kazi yao nyingine. Tangu hapo hakuna kamera inayotoka bila begi kushonwa mdomo kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na bila mtu wa kulibeba. Mtu huyo ni mimi. Mpiga picha anaweza kuwa yeyote, lakini begi ni la Boke. Uzi unakatwa mahali pa kazi, mbele ya wenye kazi, nikishaona ruhusa. Kwenye harusi, wazee wa pande zote mbili waseme pigeni. Kwenye msiba, mfiwa mwenyewe. Nimeshawahi kukaa kwenye msiba mpaka jua likapanda, namsubiri mjane anyamaze kulia aniitikie kwa kichwa.

Kamera yenyewe imebaki hiyo moja. Na wiki ile Mzee Khalidi alikuwa Mwanza, amefanyiwa upasuaji wa macho, mke wake Raya anamuuguza. Siku anaondoka aliniambia, "Boke, nikirudi naona, nitapiga picha. Nikirudi sioni, utapiga wewe. Vyovyote iwavyo, nikute kamera."

Maneno hayo nilikuwa nayo mapajani pamoja na begi. Kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya hifadhini, na kila mwenye studio Musoma anaijua habari ya yule jamaa aliyeingia kurekodi kazi ya kuuza bila kibali. Kamera yake ilizuiliwa. Leo anauza chaja za simu stendi.

Kwaya ilikuwa ya Butiama. Wimbo ni wa Judith, dada mmoja mrefu mwenye sauti ambayo hata akisema tu "nipitishe" unataka aseme tena. Ulikuwa wimbo wa kumsifu Mungu kwa viumbe vyake, na mwalimu wa kwaya, Yusto, alikuwa ameapa video yake itapigwa na pundamilia nyuma. Siku hizi kwaya isiyo na pundamilia nyuma yake watu wanaionaga kama haijafika popote. Siku ya uzinduzi ilishatangazwa kanisani, mgeni rasmi ameshaitwa. Na Judith mwezi uliokuwa unafuata alikuwa anaolewa Kibara. Wimbo ule ndio ulikuwa wa mwisho kuimba na wenzake.

Nilipopanda nilimwamkia mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Kibali kimetoka?"

"Marahaba. Kiko njiani."

"Njiani wapi, mwalimu?"

Fredy, mpiga picha wetu, akacheka. "Boke, kibali si mgeni umsubiri stendi na maua. Kinatumwa kwa simu. Kaa chini."

Nikakaa. Nilichokuwa nakijua ni hiki: mwalimu aliomba kweli. Alikuja studio kutuuliza aina ya kamera, akaandika. Alituambia watu wa hifadhi wamemwelewesha kwamba mgeni akiingia na simu yake akajipiga picha ya kumbukumbu, hiyo haina shida. Lakini kazi ya kuuza lazima uandike utapiga nini, wapi, na nani, kwa vifaa gani, halafu usubiri jibu. Aliandika. Kusubiri ndiko kulikomshinda.

Tulisimama Bunda kuweka mafuta. Mwalimu akashuka, akasogea pembeni, simu sikioni, anaitikia kwa sauti. "Ndiyo mkuu. Sawa mkuu. Tunashukuru sana mkuu." Kisha akaitoa sikioni huku bado anasema asante.

Mimi nilikuwa dirishani. Simu ikitoka sikioni na mtu bado yuko upande wa pili, kioo kinawaka. Ya mwalimu haikuwaka.

Akapanda anatabasamu. "Jamani, Bwana ni mwema! Wamesema tutangulie, karatasi itatukuta ndani." Watu wakapiga makofi. Halafu, kabla makofi hayajaisha: "Ila pale getini tusiwachanganye maaskari. Sisi ni familia, tumetoka matembezi. Majoho yakae chini ya viti."

Judith alikuwa kiti cha mbele yangu. Akageuka. "Mwalimu, kama wamesema tutangulie, majoho tunayafichia nini?"

"Judith, imba. Mengine niachie."

Nikainama kuweka begi sawa, ndipo nikaona miguu. Kwaya nzima, wanaume kwa wanawake, wamevaa viatu vyeupe vya aina moja, vipya. Nikainua macho: wanawake wote wamesuka msuko mmoja, wa kulala nyuma, na shanga ya bluu mwisho. Walijiandaa kwa video kama wanavyojiandaaga siku zote, wakasahau kwamba leo wametakiwa wasionekane wamejiandaa. Lakini nilikuwa mtu wa begi tu. Ningemwambia nani?

Getini akapanda askari mmoja wa hifadhi, mtu wa makamo, kofia mkononi. Kifuani ameandikwa Mwikwabe. Akatembea taratibu mpaka katikati ya gari.

"Habari za safari. Nyie ni akina nani?"

"Familia, afande," mwalimu akasema. "Ukoo mmoja, wa Butiama."

Askari akatazama chini. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ukoo wenu wote mnavaa viatu vyeupe?"

Mwalimu akavuta miguu yake chini ya kiti.

"Tulinunua kwa jumla, shemeji," Judith akasema. "Bei ilishuka."

Gari zima likacheka, kicheko kikubwa kupita utani wenyewe. Hata askari alitabasamu.

"Na misuko? Nayo kwa jumla?"

Kicheko kikafa. Macho yake yakatua mapajani kwangu.

"Binti, humo ndani kuna nini?"

"Dawa za mama mmoja hapa," mwalimu akadakia, "ana presha…"

"Namuuliza yeye."

Nilimwona mwalimu kwa pembeni, ananitolea macho. Mkono wangu ulikuwa juu ya uzi.

"Kamera, afande."

Mwalimu akacheka peke yake. "Ya kumbukumbu za ukoo, afande, hata presha nayo inataka kumbukumbu…"

Askari hakumgeukia. Akainama akaugusa uzi kwa kidole. "Mbona imeshonwa?"

"Inafunguliwa ikiwepo ruhusa."

"Unaitwa nani?"

"Boke."

Akalirudia jina kwa sauti ndogo, kama analionja. Halafu akasimama wima, akasema na gari zima. "Picha za simu, za kumbukumbu, pigeni mchoke. Kazi ya kuuza ina kibali chake, na mimi sijaletewa cha kwenu. Kushuka ni kwenye eneo la kupumzikia tu." Akanigeukia. "Na wewe Boke, huo uzi nitauangalia mkitoka."

Akashuka.

Tulikwenda muda bila mtu kusema na mimi. Mama mmoja wa sauti ya pili aliyekaa karibu yangu alisogeza mkoba wake, kama mimi ndiye mwizi. Nje nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya mkate, nyumbu wametapakaa, swala wanaruka. Hakuna aliyewaonyesha mwenzake.

Eneo la kupumzikia lilikuwa juu ya mto, lina meza za mbao na choo. Na pundamilia walikuwepo. Si mbali, kundi zima, limesimama ng'ambo ya kijibonde, wengine wameweka shingo migongoni mwa wenzao. Jua lilikuwa bado halijawa kali. Fredy alitazama mara moja akapiga mluzi.

"Mungu wangu. Hii ukiikosa leo, hutaipata tena."

Majoho yakatoka chini ya viti. Yalikuwa ya bluu, yamepigwa pasi. Dakika chache tu familia ikawa kwaya. Spika ikawekwa juu ya meza. Judith akasimama mbele, pundamilia nyuma yake, na mimi nakiri ilipendeza.

"Haya Boke," mwalimu akasema kwa upole. "Kata uzi."

"Kibali, mwalimu."

"Kinakuja. Mtandao hapa ni mdogo."

"Basi tukisubiri."

"Pundamilia watasubiri?"

Fredy akaja karibu, akashusha sauti kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. "Sikiliza dada. Kata. Tunapiga mara mbili tu. Unashona tena. Uzi si unao? Sindano si hiyo kwenye kanga yako? Yule askari ataona begi limeshonwa kama alivyoliacha. Nani atajua?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Maana ilikuwa kweli. Kibonge cha uzi nilikuwa nacho, shazia nilikuwa nayo, na mkono ni wangu. Hakuna ambaye angejua. Nilitazama njia tuliyojia: vumbi halipo, gari halipo. Nilimtazama Judith. Amefumbata mikono tu, ananiangalia. Yeye ndiye aliyeninyima nguvu kuliko Fredy.

"Tumpigie mwenye kamera," nikasema.

"Vizuri kabisa," mwalimu akasema, simu tayari mkononi. Kumbe mtandao ulikuwepo wa kupiga. Akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Akapokea Raya, kisha sauti ya Mzee Khalidi, nzito, ya mtu aliyelala chali.

"Mzee Khalidi, shikamoo, mwalimu Yusto hapa. Tuko eneo la kazi, kibali tunacho, ila binti yako huyu anatukwamisha. Naomba umruhusu akate uzi."

"Marahaba. Boke yupo?"

"Nipo, baba."

"Kibali umekiona?"

Mwalimu akaingilia, "Mzee, nimekwambia tunacho…"

"Mwalimu, nimekusikia. Boke, mimi macho yangu yana bandeji. Leo sina mengine isipokuwa yako. Umekiona?"

Kwaya nzima ilikuwa imenizunguka, bluu pande zote. Kwa nyuma pundamilia mmoja alikoroma, kundi likatikisika. Nilijua nikisema hapana nitamnyang'anya Judith kitu ambacho sitaweza kumrudishia. Nikisema ndiyo, na gari la askari likatokea, Mzee Khalidi atafunguliwa bandeji aambiwe kamera haipo.

"Sijakiona, baba."

"Basi na mimi sijakiona."

Simu ikakatika.

Mwalimu alikaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa mishipa. Ila Fredy hakukaa. Nilimwona anaingiza mkono mfuko wa shati, na nilijua anachoweka humo: wembe wa kukatia nyaya. Nikakumbatia begi. Akaja.

"Lete hapa. Umezidi sasa. Watu wazima wote hawa wamefunga na kuomba, halafu wewe na darasa lako la saba…"

"Fredy, acha!" Judith akapiga kelele.

Alishika ukanda akavuta, na mimi nikaenda na begi mpaka chini. Nilihisi wembe unapita juu ya zipu. Nikaweka kiganja juu ya uzi. Wembe ukapita hapo pia.

Damu ndiyo iliyomsimamisha. Akarudi nyuma, ameshika wembe, anautazama kama ameuokota. "Sikukusudia. Boke, wallahi… jamani sikukusudia."

Na hapo tukasikia gari.

Lilikuja polepole, la kijani. Mwikwabe akashuka na mwenzake. Akayaona majoho, spika, viatu vyeupe vimepangwa mistari miwili. Wala hakuonekana kushangaa. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa chini.

"Niinulie begi."

Nikainua. Niliona alichokiona: mshono mmoja, wa pembeni, umekatika. Ncha mbili za uzi zimesimama.

"Huu umekatika, Boke."

Nani angeniamini? Uzi mwekundu mkononi kwangu, sindano kwenye kanga yangu, majoho yote nje. Nikaona kamera ikichukuliwa, nikaona studio imefungwa, Mzee Khalidi ameketi kibarazani Mukendo anasikiliza watu wakipita.

"Tulitaka kuifungua kwa nguvu." Ilikuwa sauti ya Judith. Alikuwa amejitenga na wenzake, anakuja huku anavua joho. "Huyu alikataa. Kibali hatuna, afande. Wimbo ni wangu. Mtazame mkono."

"Judith!" mwalimu akasema.

"Nimechoka mwalimu. Tangu Bunda nimechoka."

Mwikwabe akanishika mkono akaugeuza. Kisha akapiga magoti kwenye begi. Akajaribu kuingiza kidole pale mshono ulipokatika. Kikaingia mpaka kwenye kucha, kikagota. Akavuta mshono wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Alichukua muda wake wote, na hakuna siku nimewahi kumtazama mtu kucha kama siku ile.

"Kamera haijatoka humu," akamwambia mwenzake. Akasimama. "Vueni hayo majoho, pandeni gari, tunawasindikiza getini. Ombi lenu kama mlipeleka, litajibiwa huko mlikolipeleka. Mimi nitaeleza nilichokikuta. Chote." Akamtazama mwalimu. Halafu akanitupia kitambaa chake. "Funga mkono. Na begi lako, beba."

Beba. Neno moja, na nikalitupia begi begani kabla hajabadili mawazo.

Kurudi hakuna aliyeimba. Tulipopita Bunda mwalimu akasema, si kwa mtu, "Tumeshindwa kwa sababu ya uzi."

"Kwa sababu ya kibali," akajibu yule mama wa sauti ya pili, akaurudisha mkoba wake karibu yangu.

Fredy alikuwa nyuma kabisa, kichwa dirishani. Judith alikuja na sahani ya pilau ya safari iliyopoa, akakaa. Nilikula kwa mkono wa kushoto, hakuna aliyenicheka.

"Kibali kikija," akasema, "utakuja tena na begi lako?"

"Nitakuja."

"Mimi nitakuwa Kibara."

Alinyoosha kidole akaugusa uzi, pale ulipokatika. Tukaanza kuyaona mawe ya Butiama. Hapo akageuka ghafla.

"Boke. Kule kuna wenyewe, na hapa je? Kwetu ruhusa ni ya nani?"

"Ya mwenye boma."

"Mwenye boma ni baba yangu."

Mzee Alfonsi tulimkuta amekaa juu ya jiwe lake, ng'ombe wanaanza kurudi kutoka malishoni, vumbi limewaka kwa jua. Alishangaa kuona Costa nzima inaingia kwake na majoho. Mwalimu alibaki mlangoni mwa gari, hakujua asogee au asisogee. Kwa hiyo nikaenda mimi. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba. Tunaomba ruhusa ya kupiga picha za wimbo wa Judith hapa kwako. Ni za kuuza, si za kumbukumbu tu."

Alinitazama mkono uliofungwa, akatazama begi, akamtazama binti yake. Hakuuliza. Wazee wa kwetu wakiona jambo limeshakuwa refu hawaliongezi.

"Nyumba pigeni. Mawe pigeni. Binti yangu pigeni, na ng'ombe wangu." Akanyoosha fimbo. "Ila wale watatu weusi, hapana. Wale wametoka Kibara, na mahari haijakamilika. Bado si wangu, na si wao tena. Ng'ombe wa namna hiyo hawaonyeshwi watu. Mkiwataka, hamieni Kibara mkaombe."

Kwaya ikacheka, kicheko cha kweli sasa. Hata mwalimu. Akasogea, akaanza kuwapanga wanawake kwa urefu, kwa sauti ndogo.

Nilimwomba Fredy wembe. Alinipa bila kuniangalia. Nikakata uzi mmoja mmoja, mbele ya Mzee Alfonsi, nikamkabidhi Fredy kamera kwa mikono miwili kama Mzee Khalidi alivyonifundisha.

Wimbo ukafunguliwa kwenye spika. Judith akapanda juu ya jiwe, ng'ombe wa baba yake wanapita nyuma yake na pembe zao, akafungua mdomo. Sitaeleza. Waliokuwepo wanajua.

Katikati ya ubeti wa pili ng'ombe mmoja mweusi akaanza kujisogeza taratibu upande wa Judith, kama naye aliitwa. Fredy hakutoa jicho kwenye kamera.

"Boke," akanong'ona, "huyo ana kibali?"

"Hana," nikasema, nikaokota fimbo.